Denis Burkitt: Mpasuaji aliyeweka kisu chini, akachora ramani ya saratani ya watoto

KATIKA vijiji vya kaunti za Homa Bay na Migori, kuanzia Mbita na Kendu Bay hadi Muhuru Bay karibu na mpaka wa Tanzania, hakuna mzazi asiyeijua malaria. Lakini ni wachache wanaofahamu kwamba ugonjwa huo una mwandani wake, saratani inayowavamia watoto wa umri wa chekechea na wa madarasa ya chini ya shule ya msingi.

Saratani hiyo huanza kwa uvimbe wa taya au wa tumbo. Meno hulegea bila sababu, shavu hufura, na pengine jicho husukumwa nje. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi zaidi kati ya zote zinazomwandama binadamu, kwani seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto aliyekuwa akikimbia na wenzake mwezi uliopita, mwezi huu hawezi kutafuna.

Huitwa saratani ya Burkitt, kwa jina la Dkt Denis Parsons Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyehudumu nchini Uganda kwa miaka 20 na kufariki mwaka wa 1993.

Ajabu ni kwamba sifa za daktari huyo hazikutokana na ustadi wa kisu. Zilitokana na hatua yake ya kukubali kwamba kisu hakingewaokoa watoto hao, kisha akaanza kuuliza swali ambalo wapasuaji wengi wa zama zake hawakujishughulisha nalo: ugonjwa huu unapatikana wapi, na wapi haupatikani?

Jibu la swali hilo lilibadilisha mkondo wa utafiti wa saratani ulimwenguni. Kwa wakazi wa ufuo wa Ziwa Victoria, jibu hilo lingali na uzito hadi leo.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja wa kaunti. Saa zake za mapumziko mzee huyo alizitumia kuchunguza ndege. Aliwavisha pete miguuni ndege wadogo wenye vifua vyekundu waliozoea bustani yake, akachora ramani zilizoonyesha eneo la kila ndege na mpaka ambao jirani yake hakuthubutu kuuvuka.

Wengi waliosimulia maisha ya mwana wameona kwamba tabia hiyo ya kuchora ramani ya viumbe hai ilirithiwa. Baba alitafuta mipaka ya ndege, naye mwana akaja kutafuta mipaka ya ugonjwa.

Akiwa mvulana wa miaka 11, Denis alipoteza jicho moja katika ajali. Ulemavu huo haukumzuia kusoma, ingawa baadaye ulikaribia kumfungia mlango wa Afrika.

Mwaka wa 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Hata hivyo, imani yake ya Kikristo, ambayo ilimwongoza hadi kufa, ilimfanya aone kwamba wito wake ulikuwa utabibu. Alihamia masomo ya udaktari na kuhitimu mwaka wa 1935. Miaka mitatu baadaye alikubaliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Edinburgh.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, alijiunga na kikosi cha matabibu wa jeshi la Uingereza. Ni vita hivyo vilivyomleta Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza, kwani alihudumu Kenya na Somalia kabla ya kupelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Kenya haikuwa ngeni kabisa kwa ukoo wake. Ami yake, Dkt Roland Burkitt, alikuwa mpasuaji mashuhuri jijini Nairobi enzi za ukoloni.

Awali, alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni, ombi lake lilikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Ni baada ya vita, mwaka wa 1946, alipokubaliwa na kutumwa Uganda. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa nchi hiyo.

Huko Lira ndiko mbegu ya utafiti wake ilikopandwa. Wanaume wengi walifika hospitalini wakiwa na mabusha, naye akawapasua mmoja baada ya mwingine. Wapo madaktari ambao wangeishia hapo. Yeye alianza kuwauliza wagonjwa wanatoka upande gani.

Alibaini kwamba ugonjwa huo ulikuwa wa kawaida mno mashariki mwa Lango lakini nadra upande wa magharibi, ilhali watu walikuwa wa kabila moja na waliishi maisha yanayofanana. Katika makala aliyochapisha mwaka wa 1951, aliuhusisha ugonjwa huo na minyoo midogo ya filaria, ambayo huenezwa na mbu.

Kwa hivyo, miaka mingi kabla ya kumwona mtoto mwenye uvimbe wa taya, Burkitt alikuwa tayari amejifunza mambo mawili. Kwanza, ugonjwa una makao yake kama kiumbe chochote. Pili, anayetaka kujua chanzo cha ugonjwa katika nchi za joto hana budi kumkumbuka mbu.

Mwaka wa 1948 alihamishiwa Kampala, katika Hospitali ya Mulago, ambako alikuwa mpasuaji na mwalimu wa wanafunzi wa udaktari wa Makerere.

Ilikuwa mwaka wa 1957 ambapo daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini kumwangalia mvulana wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa amevimba taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Haikuwa kawaida. Jipu au uambukizo wa mfupa hushika upande mmoja, na hata saratani zilizojulikana wakati huo hazikuzoea kuchipuka pande nne kwa pamoja. Burkitt alimpiga picha mtoto huyo, lakini hakujua ni ugonjwa gani.

Wiki chache baadaye alizuru hospitali ya Jinja, mji ulio kando ya Ziwa Victoria. Alipotazama nje kupitia dirishani, alimwona mtoto mwingine akiwa na mama yake, uso wake umevimba vivyo hivyo. Aliwafuata, akampima mtoto mwili mzima, akagundua kwamba alikuwa na uvimbe tumboni pia.

Mgonjwa mmoja angeweza kuchukuliwa kuwa kioja tu. Wagonjwa wawili wenye dalili zile zile, katika miji miwili, walimlazimu kutafuta zaidi. Burkitt alirudi Mulago na kupekua majalada ya hospitali. Alikuta kwamba watoto waliokuwa wakipelekwa kwa wataalamu tofauti, huyu kwa uvimbe wa taya, yule wa tumbo, mwingine wa jicho, walikuwa na ugonjwa mmoja. Kila idara ilikuwa imeshika kipande chake, na hakuna aliyekuwa ameviunganisha vipande hivyo.

Mwaka wa 1958 alichapisha makala kuhusu uvimbe huo katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Makala hayo hayakuzua msisimko wowote. Wataalamu wa maabara wa Kampala, akiwemo Greg O'Conor, walisaidia kuonyesha kwamba hiyo ilikuwa limfoma, yaani saratani ya seli za kinga za mwili. Rejista ya saratani ya Kampala ilidhihirisha kuwa takriban nusu ya saratani zote za watoto zilizoorodheshwa zilikuwa za jamii hiyo.

Hapo ndipo ilipobainika kwamba kisu hakingefua dafu. Saratani iliyo kwenye taya, tumbo na figo kwa wakati mmoja haiwezi kukatwa ikaisha. Kumpasua mtoto taya kulimharibu uso, na baada ya wiki chache uvimbe ungechipuka mahali pengine. Mpasuaji aliyefunzwa kuamini mikono yake alikabiliwa na ugonjwa uliomshinda, huku wazazi wakiendelea kuwaleta watoto wao kutoka mbali.

Burkitt hakuwa na maabara ya utafiti, wala hakuwa na fedha. Alitengeneza karatasi zenye picha za watoto wagonjwa na kuzituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiwauliza madaktari swali fupi: je, mmewahi kuona ugonjwa huu?

Majibu yalipowasili, aliyaweka kwenye ramani iliyotundikwa ukutani ofisini kwake. Taratibu umbo lilianza kujitokeza. Ugonjwa ulikuwa umejaa katika ukanda mpana uliokatiza katikati ya Afrika, takriban kati ya nyuzi 15 kaskazini na nyuzi 15 kusini mwa Ikweta, na mkia wake uliteremka kuelekea kusini kupitia pwani ya Msumbiji.

Ili kuthibitisha mipaka ya ukanda huo, aliamua kwenda kujionea. Oktoba 1961 alifunga safari akiwa na madaktari wawili, Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva, magharibi mwa Mto Nile, na Cliff Nelson. Walisafiri kwa gari kuukuu aina ya Ford la mwaka wa 1954.

Safari hiyo ilichukua wiki kumi na kupita maili 10,000 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi. Walizuru zaidi ya hospitali 50, wakionyesha picha zao na kuuliza swali lile lile. Williams alikuwa hodari wa kutengeneza magari, na ustadi huo uliwafaa kwenye barabara mbovu.

Walichokipata kilikuwa cha kushangaza. Katika nyanda za chini zenye joto na mvua, madaktari waliitambua picha mara moja. Kwenye nyanda za juu, madaktari waliofanya kazi miaka mingi walisema hawajawahi kuuona ugonjwa huo. Karibu na Ikweta, ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa futi 5,000 hivi, sawa na mita 1,500. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka chini zaidi.

Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi na wadudu wa taasisi ya Entebbe, ndiye aliyesaidia kuifasiri ramani hiyo. Alieleza kwamba mwinuko wenyewe haukuwa sababu, bali kiwango cha joto. Ugonjwa ulipatikana mahali ambapo joto halikushuka chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi na mvua ilizidi sentimita 50 kwa mwaka. Hayo ndiyo mazingira anayostawi mbu.

Msomaji wa Nyanza hahitaji kwenda mbali ili aielewe ramani hiyo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Homa Bay uko ufuoni mwake. Ukipanda gari kuelekea mashariki, muda si mrefu utafika Kisii, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Katika safari hiyo fupi, msafiri hutoka ndani ya ukanda wa Burkitt na kuingia nje yake. Kwa sehemu kubwa, Homa Bay na Migori, zilizokuwa pamoja katika wilaya ya zamani ya Nyanza Kusini, ziko upande wa chini wa mpaka huo, zikipakana na ziwa, mito na vinamasi.

Mwanzoni, Burkitt na Haddow walishuku kwamba mbu hubeba virusi vinavyoleta saratani hiyo moja kwa moja. Ukweli ulikuja kuwa mgumu zaidi, na Kenya ilichangia kuufichua. Mwaka wa 1964, mtafiti Mmarekani Gilbert Dalldorf, akishirikiana na wataalamu wa Nairobi akiwemo Allen Linsell, alichunguza jinsi saratani za watoto zilivyotawanyika humu nchini. Walitoa hoja kwamba mshiriki katika maafa hayo ni malaria yenyewe. Burkitt aliikubali hoja hiyo. Alitaja visiwa vya Unguja na Pemba, ambako juhudi za kupambana na malaria zilikuwa zimepiga hatua na saratani hiyo ilikuwa adimu, ingawa hali ya hewa huko ni ya joto na mvua.

Wakati huo huo, mhusika wa pili alikuwa ameshapatikana London. Machi 22, 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika chuo cha udaktari cha Hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo Anthony Epstein, kijana aliyekuwa akichunguza virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Aliposikia habari za saratani inayofuata hali ya hewa, alihisi kwamba lazima kuna virusi.

Wawili hao walikubaliana. Vipande vya uvimbe kutoka kwa watoto waliotibiwa Mulago vilipakiwa kwenye ndege usiku kutoka Entebbe hadi London. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Mwishowe ndege moja ilikumbana na ukungu, ikalazimika kutua Manchester, na kifurushi kikachelewa. Kilipofunguliwa, maji yake yalikuwa yamechafuka. Badala ya kuyamwaga, watafiti waliyaangalia wakakuta seli za saratani zikiwa hai, zikielea.

Kutokana na seli hizo, Epstein pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr walivikuza na kuviona virusi ambavyo havikuwa vikijulikana. Waliutangaza ugunduzi wao Machi 1964. Virusi vya Epstein-Barr vilikuwa vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Leo inafahamika kwamba karibu kila mtu duniani huambukizwa virusi hivyo wakati fulani maishani, na wengi hawadhuriki. Lakini mtoto wa kanda ya ziwa huambukizwa akiwa mchanga, kisha huumwa malaria mara kwa mara. Malaria huzichochea seli za kinga zinazobeba virusi hivyo zijigawanye kwa wingi na kuidhoofisha kinga ambayo ingezidhibiti. Katika msukosuko huo, kromosomu za seli moja hukatika na kuungana vibaya, na jeni inayoongoza ukuaji wa seli hukosa breki. Huo ndio mwanzo wa uvimbe.

Maarifa hayo yaliwafaa hata wagonjwa ambao hawakuwahi kufika Afrika. Wapasuaji wa kupandikiza figo, maini na mioyo walipoanza kuwapa wagonjwa wao dawa za kupunguza kinga ili mwili usikikatae kiungo kipya, baadhi ya wagonjwa walipatwa na limfoma. Chanzo cha nyingi kati ya hizo kilibainika kuwa virusi vile vile vya Epstein-Barr. Mwaka wa 1984, kundi la mpasuaji Thomas Starzl wa Marekani lilionyesha kwamba limfoma hizo zingeweza kurudi nyuma dawa za kupunguza kinga zikipunguzwa. Kwa hivyo, kila kituo cha upandikizaji kinachopima virusi hivyo leo kina deni kwa watoto wa Mulago.

Kuhusu tiba, Burkitt aligeukia dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipata methotrexate kutoka kwa watafiti wa Marekani, na baadaye akatumia cyclophosphamide. Katika Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi, mpasuaji Peter Clifford alikuwa akifanya majaribio yanayokaribiana na hayo.

Matokeo yaliwastaajabisha wote. Uvimbe uliokuwa umeufunika uso wa mtoto uliyeyuka ndani ya siku chache. Wapo waliopona kabisa baada ya dozi chache mno, wengine hata baada ya dozi moja, wakati ambapo ulimwengu haukuamini kwamba dawa pekee zingeweza kuponya saratani. Mwaka wa 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, na ndicho kilichokuwa chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Burkitt mwenyewe alikuwa amerudi Uingereza mwaka wa 1966, akiwa na umri wa miaka 55. Wengi wangedhani kwamba kazi yake imekwisha. Badala yake alilirudia swali lake la zamani kwa kuligeuza. Ikiwa kuna magonjwa yaliyo Afrika tu, ni magonjwa gani yaliyojaa Ulaya na hayakuonekana Mulago?

Alikumbuka kwamba katika miaka yote ya upasuaji Kampala, ugonjwa wa kidole tumbo, saratani ya utumbo mpana na bawasiri vilikuwa nadra miongoni mwa wanakijiji. Kwa kufuata mawazo ya daktari Peter Cleave, na akishirikiana na rafiki yake Trowell, alihitimisha kwamba tofauti ilikuwa kwenye chakula. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1972, yeye na wenzake walionyesha kwamba chakula kilipita mwilini mwa wanakijiji wa Uganda kwa takriban saa 35, ilhali kwa wanamaji wa Uingereza kilichukua zaidi ya saa 80.

Kitabu alichowaandikia wasomaji wa kawaida mwaka wa 1979 kuhusu nyuzinyuzi katika chakula kilienea duniani kote. Si kila alichokisema kuhusu nyuzinyuzi kimethibitishwa, kwani wakati mwingine alizibebesha sababu za magonjwa mengi kupita kiasi. Hata hivyo, ushauri wa kula nafaka zisizokobolewa, maharagwe na mboga umebaki kuwa nguzo ya lishe bora. Mkazi wa Nyanza aliyelelewa kwa ugali wa mtama na mboga za kienyeji huenda akacheka akisikia kwamba ilibidi daktari asafiri hadi Ulaya ili kuitangaza faida yake.

Heshima zilimfuata. Mwaka wa 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi ya Uingereza, na mwaka huo huo akatunukiwa tuzo ya Lasker ya Marekani. Alifariki Machi 23, 1993 akiwa na umri wa miaka 82, akamwacha mkewe Olive, waliyeoana mwaka wa 1943, na mabinti watatu.

Maswali aliyoyaacha yaliendelea kuchunguzwa, na baadhi yake kwenye mlango wa Migori. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya North Mara nchini Tanzania, kati ya mwaka wa 1977 na 1982 watoto waligawiwa dawa ya klorokwini ili kuona kama kupunguza malaria kungepunguza saratani hiyo. Wagonjwa wa saratani walipungua, lakini idadi yao ilikuwa imeanza kushuka kabla ya majaribio, na malaria nayo ikarejea. Kwa hivyo haikuwezekana kutoa hukumu ya mwisho.

Watafiti waliokusanya rekodi za hospitali za Kenya za kati ya mwaka wa 1988 na 1997 walikuta kwamba saratani ya Burkitt ilikuwa zaidi ya mara tatu katika maeneo yenye malaria kali ya kudumu, yakiwemo ya ufuo wa ziwa, ikilinganishwa na maeneo yasiyo na malaria au yenye malaria kidogo. Ramani ya ukutani ya Mulago haikuwa imefutika.

Septemba 2019, Kenya ilizindua chanjo ya kwanza ya malaria kwa watoto. Uzinduzi ulifanyika kaunti ya Homa Bay, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti za magharibi zilizohusishwa katika awamu hiyo. Chanjo hiyo ililenga kuzuia malaria kali na vifo. Lakini ikiwa Burkitt na Dalldorf walikuwa sahihi, kila malaria inayozuiwa kwa chanjo, chandarua au dawa huenda ikawa pia hatua ya kumwepusha mtoto na saratani ya taya. Jibu litachukua miaka mingi kupatikana, kwa kuwa saratani hiyo huwapata watoto wachache tu katika kila 100,000 kwa mwaka.

Kwa wanaougua tayari, suala si la utafiti. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto wanane kati ya kumi wanaopatwa na saratani hii hupona. Barani Afrika, ambako tiba hiyo ilivumbuliwa, idadi ya wanaopona ni ndogo zaidi. Dawa zinajulikana. Kinachowakwamisha wengi ni umbali, nauli, gharama, matibabu yanayokatizwa kabla ya kukamilika, na wiki zinazopotea mtoto aking'olewa meno au akitibiwa jipu lisilokuwepo. Kwa uvimbe unaoongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, wiki tatu za kusubiri ni nyingi mno.

Burkitt alifaulu kwa sababu alijali alipomwona kupitia dirishani mtoto ambaye hakuwa mgonjwa wake, kisha akawauliza madaktari wa mashambani ambao hakuna aliyekuwa akiwauliza kitu. Mzazi, mwalimu wa chekechea au mhudumu wa afya wa kijijini Ndhiwa, Suba au Nyatike hahitaji shahada ili kufanya kama yeye. Mtoto mwenye meno yanayolegea kabla ya wakati, shavu linalofura bila maumivu ya jino au tumbo linalokua upesi anapaswa kufikishwa katika hospitali kubwa wiki hiyo hiyo.